Ukikaa kimya chumba cha chai, bado unahesabiwa

Mdogo wangu, umesema una miezi mitatu tu ofisini, na kila ikifika saa nne ya chai wenzako wanaanza kuwachambua watu mmoja mmoja. Ukikaa nao unasikia usiyotaka kuyasikia, ukinywa chai mezani kwako unaambiwa unaringa. Wengi wamekujibu ukae nao, usikilize, usichangie. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa 14 kazini, na ushauri huo niliufuata. Ngoja nikusimulie ulinifikisha wapi.

Wodi niliyokuwa zamani ilikuwa na chumba kidogo cha chai nyuma ya stoo ya mashuka. Tukishagawa dawa za asubuhi na kazi ikipungua, tunakutana pale. Mimi nilikuwa wa kusikiliza tu. Sikuwahi kupeleka neno kwa mtu, na nilijiona niko salama kabisa.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mdogo kwangu kwa umri, ghafla akaanza kudhoofu. Hali chakula, anatapika, katikati ya zamu anaomba akae kidogo. Wiki ya kwanza chumba cha chai kikasema ana mimba. Wiki ya pili mtu akamwona anatoka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na mfuko wa dawa, habari ikageuka. Siku hiyo mmoja akanigeukia: "Wewe si unaingia naye usiku? Hujaona anavyotapika?" Nikajibu, "Juzi alitapika mara mbili." Basi. Sikuongeza hata nusu neno, na lilikuwa jambo la kweli.

Hadi jioni maneno yalikuwa yameshafika maabara na mapokezi, safari hii yakiwa na shahidi: hata fulani anayeingia naye zamu amethibitisha. Mwezi haujaisha, yakafika kwa wakwe zake watarajiwa. Mahari ilikuwa imeshatolewa. Wazee wakasimamisha harusi.

Ukweli ni kwamba alijichoma sindano akimtoa mgonjwa damu. Alifanya kila kitu kama tulivyofundishwa: akanawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, akatoa taarifa kwa inchaji, akapimwa, akaanzishiwa dawa kinga, za kuzuia VVU visimshike, siku hiyohiyo. Dawa hizo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zinanywewa siku 28 bila kuruka. Ni ARV, dawa zilezile wanazotumia wenye VVU, na pale kwetu zilikuwa zinatolewa CTC. Kichefuchefu kile kilikuwa cha dawa. Sisi sote pale ndani tulikuwa wauguzi, kila mmoja anaijua dawa kinga, na hakuna aliyeifikiria. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu yeyote, nayo tulikuwa tunaijua. Bado linaniuma hilo. Vipimo vyake vya baadaye vyote vilitoka salama, lakini harusi haikurudi, naye akaomba uhamisho.

Kabla hajaondoka nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo, nikamwambia ile sentensi niliisema mimi. Akaniambia, "Dada, ungeniuliza ningekwambia. Tulikuwa wote usiku kucha."

Kwa hiyo hilo la kukaa na kusikiliza silikubali tena. Umbea hauhitaji uongo wako. Unahitaji kipande kidogo cha ukweli kutoka kwa mtu anayeaminika, na kijiweni anayeaminika zaidi ni yule asiyeongea sana. Ndiyo maana watakuuliza wewe.

Sasa utaishije nao? Usijitenge. Nilijaribu kujitenga baada ya lile tukio, na miezi miwili baadaye mimi ndiye nilikuwa habari. Nenda ukanywe nao chai, cheka, ongea watoto, mpira, bei ya mchele. Jina la asiyekuwepo likitajwa kwa ubaya, nyanyuka. Mimi nilikuwa nasema naenda kuangalia dripu, na kweli naenda. Wewe utakuwa na faili lako. Ukiulizwa moja kwa moja, jibu, "Hilo la kwake, mimi siwezi kumsemea." Sema kwa upole, usihubiri. Ukiwahubiria watakuona unajifanya mtakatifu, na watakuwa na haki kidogo.

Na hili la kuringa linakufa kwa matendo. Mwenzako akifiwa, fika msibani, kata vitunguu na wengine. Mchango wa harusi ukipita, toa ulichonacho. Mtu akiomba umshikie kazi mtoto wake anaumwa, mshikie. Mimi ilinichukua kama nusu mwaka, halafu wakaanza wenyewe kunyamaza nikiingia, na baadaye wakaanza kuniletea mambo yao ya kweli, yale ambayo mtu humwambia anayejua hatayatoa.

Kuna kitu kimoja nakuomba usichanganye. Si kila maneno juu ya asiyekuwepo ni majungu. Kama bosi anawashika wasichana wa mafunzo, kumwambia binti mpya asiingie ofisini kwake peke yake ni kumlinda. Kama dawa zinapotea stoo au posho zinakatwa bila maelezo, kunyamaza kwa kisingizio cha kuogopa umbea ni kumsaidia mwizi. Mimi hujiuliza: haya maneno nikiyapeleka kwa mhusika mwenyewe, au kwa mwenye uwezo wa kuyashughulikia, yatasimama? Kama yanasimama, nayapeleka huko, kwa maandishi, yenye tarehe. Kama yanafaa kusemwa kwenye chai tu, nayaacha.

Magrupu ya WhatsApp yasiyo na bosi, toka. Skrinshoti haina rafiki.

Kesho saa nne usibaki mezani. Nenda, kaa karibu na yule mnayeelewana zaidi, na kama wanamzungumzia mtu aliyebadilika ghafla, anayechelewa au aliyekonda, jioni mpitie huyo mtu mezani kwake umuulize kama yuko sawa.