Kiingereza cha Darasani na Kiingereza cha Mapokezi

Nilimaliza kidato cha sita nikiwa na alama nzuri za Kiingereza, na nilipoajiriwa kwenye mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Jinja niliamini kwamba lugha ingekuwa jambo la mwisho kunisumbua. Nilikulia Walukuba, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, ambako majirani wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Kiingereza tulikutana nacho shuleni, na huko tulikariri nahau kwa orodha ndefu, ile ya mvua inayonyesha paka na mbwa ikiwa juu kabisa.

Katika wiki yangu ya pili kazini, mgeni kutoka Uingereza aliniomba gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Entebbe kesho yake, "at half seven". Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada hapo, kwa sababu kila saa ya Kizungu ni lazima tuigeuze kichwani kwa tofauti ya saa sita kabla ya kuielewa. Nilifikiri kwamba nusu ya saba ni pale saba inapokuwa haijatimia, nikaandika kwenye daftari la magari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzee wetu dereva alifika saa kumi na mbili kamili, akafuta vioo, akasubiri mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Mgeni alitokea saa moja na nusu, ameoga na kushiba, akashangaa kumkuta dereva amenuna. Kumbe kwa Mwingereza maneno yale yana maana ya saba na nusu ya saa zao, karibu vilevile tusemavyo sisi, ila wao wamekiacha kiungo cha katikati.

"Mwanangu," mzee aliniambia jioni aliporudi, "ukisikia saa usiyoielewa, mpe kalamu aiandike."

Ushauri huo ninaufuata mpaka leo, na ndio ulionifanya nianze kuweka daftari langu mwenyewe. Sikuandika neno na tafsiri yake kama tulivyofundishwa. Niliandika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, nikaongeza nani aliyeisema, alikuwa akifanya nini na alitaka nini. Yule aliyesema "I could murder a cup of tea" alikuwa amerudi kutoka mtoni akitetemeka kwa baridi, naye alikuwa na hamu kubwa ya chai, wala hakukusudia kumuua mtu. Mwingine nilimkaribisha chai akajibu "I'm good", nikampelekea kikombe nikiamini amekubali, kumbe alikuwa akikataa kwa adabu. Maneno yote mawili ya jibu lile niliyajua tangu darasa la kwanza. Nisichokijua ni kazi yanayofanya yanapokuwa pamoja mbele ya birika la chai, na kazi hiyo huwezi kuijua usipoandika na birika lenyewe.

Kwa hiyo ninapoulizwa na vijana wanaotaka kazi za hoteli au za kuongoza watalii waanzie wapi, huwaambia waache kwanza nahau za mapambo na washughulike na vitenzi vifupi. Mswahili ana faida hapa, ila huwa haioni. Tazama kitenzi chetu "piga": tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki, tunapiga magoti, na katika yote hayo hakuna anayechapwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kamusi ndogo huchanganyikiwa kabisa. Waingereza nao wana "put", ambalo peke yake ni kuweka, lakini "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia, na "put someone up" ni kumpa mtu malazi. Ukijaribu kufika kwenye maana hizo kwa kuanzia kwenye kuweka hutafika, kama vile mgeni asivyoweza kufika kwenye deki kwa kuanzia kwenye fimbo. Yachukue mazima, jinsi ulivyoyachukua maneno ya mama yako.

Ipo pia shida ya Kiingereza chetu cha Uganda, ambacho nakipenda na sitaki mtu yeyote akionee haya. Tunasema "extend" tukimtaka mtu asogee kwenye kiti cha teksi, "balance" tukidai chenji, "push me" tukiomba kusindikizwa, na "you are lost" kwa rafiki aliyeadimika. Tukielewana sisi kwa sisi, kuanzia Busia hadi Mbarara, lugha imefanya kazi yake. Tatizo huja tunapodhani kwamba kila mzungumzaji wa Kiingereza anatufahamu. Siku moja nilimwambia mgeni "I'm coming" huku nikiinuka kwenda ofisi ya nyuma kutafuta funguo, kama ambavyo Mswahili husema "nakuja" huku akiondoka. Nilimkuta bado ameegemea meza, na akaniuliza kwa upole kama kuja kwetu huku huwa ni kwa kwenda. Tangu hapo semi kama hizo naziwekea alama ya duara kwenye daftari: ni halali kabisa nyumbani, lakini mbele ya mgeni zinahitaji maelezo. Na wageni wenyewe hawafanani. Mwingereza akisema katika mkutano jambo fulani liwe "tabled", anataka lijadiliwe; Mmarekani akitumia neno hilohilo anataka liwekwe kando.

Kuhusu kamusi sina mengi. Nunua ile iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, hata ikiwa ya mtumba. Ya Longman, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, ilijiwekea sharti la kueleza maana zake kwa maneno ya msingi yapatayo 2,000, na hilo humwepusha msomaji na kufungua kurasa tano ili aelewe moja.

Nahau zenyewe zina utamu wake, nami sikatai. Nilifurahi kugundua kwamba Mwingereza anayetoa siri nje humwaga maharagwe, "spill the beans", wakati sisi huonyana tusimwage mtama penye kuku wengi. Nahau uliyoipatia ndugu yake wa Kiswahili haisahauliki. Lakini kuielewa ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine. Mtu anayeongea kwa nahau mfululizo humchosha msikilizaji, sawa na kijana wa mjini anayemjibu kila mzee kwa methali.

Kipimo changu kimekuwa rahisi. Kurasa za kulia za daftari naandika nilichosikia au kusoma, na za kushoto naziacha wazi mpaka nikisikie tena kwa mtu mwingine, ndipo naandika tarehe na kuanza kukitumia. Hivi sasa niko kwenye daftari la tatu. Kurasa za kushoto zimejaa vitenzi vifupi, majibu ya adabu na namna za kulalamikia maji ya moto. Nahau ya paka na mbwa niliihamisha kutoka kwenye orodha ya shule, ikawa ya kwanza kabisa katika daftari la kwanza, na ingawa mvua za Jinja nimezipokea pamoja na wageni wa kila taifa, tukitazama barabara ikigeuka mto, upande wake wa kushoto bado ni mweupe.