Muulize Mzee wa Mshipi: Jigi Gani kwa Maji Gani?

*Shikamoo Mzee. Niko Karagita, Naivasha. Mjomba aliyeko Marekani ameniletea kiboksi cha jigi za kuvulia samaki aina ya besi, rangi kumi na kitu, uzito mbalimbali. Nimetupa ya kijani iliyonipendeza, sikupata hata mguso. Wenzangu wa minyoo wananicheka. Na sasa mvua zimechafua ziwa. Nianze na ipi?*
*– Kijana wa Karagita*

Marahaba mwanangu. Waache wacheke, minyoo yao italiwa na kambare.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuishika: jigi ni ndoano iliyomiminiwa kichwa cha risasi au cha tungsteni, ikavishwa sketi ya nyuzi za silikoni, na mbele ya ncha ikawekewa nywele ngumu za plastiki ili isinase kwenye magugu. Nyuma unachomeka mkia wa mpira, mara nyingi wenye makucha mawili. Ikizama, sketi hujifunga. Ikitua chini, hufunguka na makucha yakasimama. Anachokiona besi hapo ni kamba wa maji baridi, yule mwenye makucha mawili, anayejihami.

Na kwa Naivasha, kamba ndiye habari yenyewe. Besi aliletwa humo kutoka Marekani mwaka 1929. Kamba mwekundu wa Louisiana naye akaletwa 1970. Wageni wawili wa bara moja wakakutana tena chini ya mlima Longonot, na mmoja akaendelea kumla mwenzake kama kwao. Kwa hiyo umbo la jigi yako halina tatizo lolote. Tatizo ni kwamba haikuonekana.

Fanya hivi. Kabla ya kutupa mara ya kwanza, shusha jigi polepole kando ya mashua huku ukiitazama. Ikipotea ukiwa umezamisha mkono mpaka kiwiko tu, hayo ni maji ya tope. Ukiiona mpaka urefu wa mtu mzima aliyesimama, ni maangavu. Yaliyo kati ya hapo mimi huyaita maji ya chai. Kipimo hiki hakina gharama, tena kirudie kila ukihama sehemu, maana Naivasha si ziwa la rangi moja. Mto Malewa unamwaga udongo upande wa kaskazini, ilhali kwenye bonde la kreta pale kisiwa cha Crescent kina ni kirefu zaidi na tope la mto huchelewa kufika. Ongeza kapu, samaki aliyeingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambaye kazi yake ni kuchimbachimba matope ya chini kutwa.

Kwenye tope, toa nyeusi yenye nyuzi za bluu. Najua utauliza, maji ya giza na chambo cheusi vipi? Besi mara nyingi anaitazama jigi ikishuka kutoka juu, na juu ndiko kwenye mwanga. Cheusi kinatoa kivuli chenye ukingo. Kijani kinayeyukia humohumo. Sketi iache nene kama ilivyo, na mkia uwe wa makucha mapana yanayopigapiga maji, kwa sababu samaki ana mstari wa hisia ubavuni, kuanzia nyuma ya shavu hadi mkiani, unaopokea mitikisiko. Kama kiboksini kuna jigi yenye njuga ndani, hii ndiyo siku yake.

Halafu usitupe ovyo katikati ya ziwa. Maji yakichafuka besi hujibana: shina la mafunjo, kivuli cha magugu maji, mti uliozama ziwa lilipopanda. Jigi iangukie hapohapo kwenye shina. Ukikosea kwa hatua mbili hatoki kuifuata.

Sasa uzito, ambao ndio ninaoupigania kila nikishika kalamu. Katika rangi hizo kumi na kitu, mbili zitakutosha mwaka mzima: nyeusi-bluu na kahawia-kijani. Nyingine mrudishie mjomba. Lakini uzito ukikosea hakuna rangi itakayokuokoa, kwa sababu uzito ndio mwendo wa kuzama, na besi wengi huinyakua jigi ikiwa bado inashuka. Robo aunsi, yaani gramu 7, inafaa ukingoni mwa mafunjo penye maji ya kiunoni, ishuke taratibu samaki aamue. Nusu aunsi, gramu 14, ni ya kina kirefu na ya siku za upepo, vinginevyo uzi utapinda na hutajua jigi iko wapi. Kwa zulia la magugu maji utahitaji robo tatu ya aunsi au aunsi nzima ili itoboe, na hapo tungsteni inashinda: ni nzito kuliko risasi, hivyo kichwa chake ni kidogo na hupenya. Tumia uzi wa kusuka unaohimili pauni 50 au 65. Ukitumia nailoni nyembamba hapo, utawaachia magugu jigi za mjomba zote.

Jigi ikinasa, isogelee kwa mashua. Usishuke majini kwa miguu. Viboko wa Naivasha unawajua kuliko mimi.

*Jambo kaka. Mimi ni mtu wa Uvira, siku hizi naishi Lewiston, Maine. Kule Tanganyika tulivua ndakala na mikebuka usiku kwa taa, sasa najifunza besi. Mto Androscoggin una maji ya kahawia, lakini ziwa Sebago unaona mawe ya chini. Naweza kutumia jigi moja kote? Na mwenye duka amekataa kuniuzia ya risasi, anasema ndege wanakufa. Ni kweli?*
*– Mvuvi wa Taa*

Jambo ndugu. Nianze na ndege, maana mwenye duka hakukudanganya. Huko kwenu kuna ndege wa majini aitwaye loon, ambaye humeza vijiwe vya kusagia chakula tumboni. Akiokota jigi ya risasi, au akimla samaki aliyekata uzi akabaki na jigi mdomoni, risasi inasagika ndani yake na kumuua kwa sumu. Maine wameibana risasi kwenye machubwi na jigi ndogo kwa sheria, na jirani zao New Hampshire vilevile. Nunua tungsteni. Ni ghali, ila inakulipa kwa njia nyingine: ni ngumu, ikigonga jiwe unausikia mgongano huo hadi kwenye kiganja.

Maji ya Androscoggin yasikutishe. Kahawia ile inatokana na majani na magome yaliyoloweka, si udongo, na samaki bado anaona. Humo utakutana zaidi na besi wa mdomo mdogo, anayependa mawe na mkondo. Chukua jigi yenye kichwa kipana cha mviringo kilicholala, ile isiyotumbukia kwenye nyufa za mawe, ya kahawia yenye nyuzi chache za rangi ya chungwa. Uzito uamuliwe na mkondo: iwe nzito kiasi cha kugusa chini, nyepesi kiasi cha kusukumwa kidogo. Usiirusherushe. Iburute kwa ufito, simama, iburute.

Sebago ni kazi nyingine. Maji yale ndiyo wanayokunywa watu wa Portland, na samaki anakuona kabla hujamwona. Jigi inaweza kuwa ileile, ila shika mkasi: punguza sketi ibaki nusu, mkia uwe mdogo usiopigapiga. Uzi uwe fluorokaboni, ule usioonekana kirahisi majini, wa pauni 8 au 10, tupa mbali na mashua, na ukipata siku ya mawingu na mawimbi madogo ghairi shughuli zako nyingine.

*Mzee, salaam. Mimi na mume wangu na watoto huwa tunatoka Dallas kwenda kuvua ziwa Lake Fork, hapahapa Texas. Januari tunaganda tu. Mume wangu anahisi samaki, mimi sihisi kitu, na nikivuta sketi imeng'atwa! Nina tatizo gani?*
*– Mama wa Watatu*

Wewe mama huna tatizo, wanakuibia tu. Maji yakipoa besi hafukuzi. Anafungua mdomo, anaivuta jigi ndani pamoja na maji, akiona si chakula anaitema, na yote hayo bila kutikisa ufito. Kwa hiyo Januari tazama uzi, usingoje mkono. Uzi ukisogea ubavuni, ukilegea kabla ya wakati wake, au uzito ukatoweka ghafla, ni yeye. Ukisikia uzito laini, kama mtu amekanyaga mshipi, ni yeye pia.

Chukua jigi ya gramu 10 hivi, mkia bapa usiocheza, na ikitua kwenye vile visiki vya miti iliyozama iache hapo uhesabu hadi kumi. Watoto hawatapenda. Ukimshuku, zungusha rili kwanza uondoe ulegevu, ndipo ukwanyue kwa nguvu, kwa kuwa zile nywele za kukinga magugu lazima zipinde kabla ncha haijazama. Zikiwa ngumu mno zipunguze milimita chache kwa mkasi.

Na kabla ya kumtia yeyote kwenye ndoo, mpime. Lake Fork besi wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudishwe majini, na aliyefika inchi 24 na zaidi ni mmoja tu kwa kila mvuvi kwa siku. Futi mpe mume wako ashike.