Mvinyo kama maji ya mchele: umeharibika?

SWALI: Nimenunua mvinyo mweupe wa Italia, zabibu ni Garganega "isiyotiwa kemikali". Umefifia kama maji ya kuoshea mchele, chini kuna mashapo, na unanuka kiberiti. Niumwage? – Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Usiumwage. Mashapo hayo ni hamira iliyokufa, mvinyo haukuchujwa. Simamisha chupa kwenye friji usiku kucha, kisha mimina polepole bila kuitikisa. Harufu ya kiberiti hutokea mvinyo ukikosa hewa: utie kwenye jagi, uzungushe, ungoje dakika 20. Kinachotutia shaka ni kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu na shingo inanata, chupa ilipikwa na joto, pengine ndani ya gari. Ukinuka siki au rangi ya kucha, basi umeharibika.

Kuhusu "kemikali": hata kilimo hai cha Ulaya huruhusu shaba, hadi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, kuzuia ukungu wa majani. Garganega ni zabibu ya Veneto, kaskazini-mashariki mwa Italia, ndiyo msingi wa Soave, mvinyo mweupe wa huko. Hukawia kuiva na hubaki na ukali mzuri kwa ngege wa kukaanga. Unywe ukiwa nyuzi 10 hadi 12. Chupa ikishafunguliwa, irudishe kwenye friji na uimalize ndani ya siku 3.