Kuvuka jangwa la Arizona na Utah kwa gari: rejeta, matairi, maji na saa

Ukitoka Phoenix kwenda Flagstaff, Arizona, kwa barabara kuu ya I-17, unaanza kwenye kama mita 330 juu ya usawa wa bahari na kumalizia karibu mita 2,100, mwendo wa saa mbili hivi. Mlima kati ya Black Canyon City na Sunset Point ndio unaochemsha magari. Hewa ya kiangazi imepita nyuzi 40, injini inavuta mzigo mlimani, na AC inamwaga joto lake mbele ya rejeta, kwa hiyo rejeta inapozwa kwa hewa iliyokwisha kupashwa moto. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC, fungua hita na feni yake hadi mwisho, teremsha vioo. Mtateseka dakika chache, lakini hita inachota joto kutoka kwenye injini. Mshale ukigusa nyekundu, toka barabarani uzime gari. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa: maji ya ndani yamebanwa na mgandamizo, yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiufungua yatakurukia usoni.

Kabla ya safari, injini ikiwa baridi, minya mipira ya rejeta. Iliyolegea au kupasuka ngozi, badilisha. Badilisha pia mfuniko ambao springi yake imechoka, maana haushiki tena mgandamizo na maji huchemka mapema. Ndani weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu na maji safi nusu. Maji matupu huchemka haraka na kuleta kutu.

Tairi lenye upepo mdogo ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mbavu zake hujikunja kila mzunguko, joto linapanda, mwisho ngozi ya juu inabanduka ukiwa kwenye mwendo mkali. Pima alfajiri kabla ya kuondoka, ufuate kipimo cha kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mchana kipimo kitapanda chenyewe, usipunguze upepo. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililovuka miaka sita tusingelipeleka jangwani hata kama halijawa kipara. Spea nayo ipimwe.

Mafuta jaza tanki likifika nusu. Kwenye I-70 kati ya Green River na Salina, Utah, ni zaidi ya kilomita 160 bila kituo hata kimoja. Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku, na ya rejeta yahesabiwe mbali. Gari likigoma, bakini kwenye kivuli chake, msianze kutembea.

Msimu wa mvua za radi ni Juni 15 hadi Septemba 30. Kwenye I-10 kati ya Phoenix na Tucson, ukuta wa vumbi unaweza kuziba barabara ghafla. Toka kabisa nje ya lami, zima taa zote, hata za hatari, vuta breki ya mkono, kisha ondoa mguu kwenye breki. Dereva wa nyuma asiyeona kitu hufuata taa nyekundu akidhani ndiko barabara iendako. Kwenye makorongo, mbingu isiyo na mawingu isikudanganye: Agosti 12, 1997, watu 11 walikufa Antelope Canyon, korongo jembamba la kaskazini mwa Arizona, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali. Maji ya sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo.

Asiye raia abebe kadi yake halisi ya uhamiaji. Kuna vizuizi vya ukaguzi hata ndani ya nchi, kama kwenye I-19 kati ya Nogales na Tucson.

Na saa: Arizona haibadilishi saa kiangazi, lakini ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hili, hubadilisha. Kwa hiyo kiangazi Monument Valley inatangulia Phoenix kwa saa moja, ila ziara za Antelope Canyon, ingawa nayo iko kwenye ardhi hiyo, hufuata saa za Arizona. Simu ikishika mnara wa Utah itakupotosha, hivyo iwekee saa ya Phoenix kwa mkono.