Diski mpya haionekani kwenye kompyuta ya zamani

SWALI: Fundi, jambo. Nina studio ya picha Kadutu, hapa Bukavu. Kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows XP, na siwezi kuiacha kwa sababu skana yangu ya negativu haikubali kompyuta nyingine. Ndani mna picha za harusi, ubatizo na misiba tangu 2005, na siku hizi diski yake inakwaruza. Nimenunua diski ya nje ya terabaiti 4. Nikiichomeka mbele inafanya tik-tik na kuzima. Nikiichomeka nyuma taa inawaka vizuri, lakini kwenye Poste de travail, pale diski zote zinapoorodheshwa, haipo. Kwenye laptopu ya binti yangu inafunguka bila shida. Je, nimeuziwa kitu kibovu? (Mpiga picha, Kadutu)

JIBU: Papa, diski uliyonunua ni nzima, laptopu ya binti imeshathibitisha. Inayonitia wasiwasi ni ile ya zamani inayokwaruza. Zima kompyuta hiyo leo, usiendelee kuiwasha kujaribu hiki na kile, maana kila inapozunguka unahatarisha picha ambazo watu wa Kadutu hawana nakala yake popote.

Kwanza nikueleze kinachotokea. Ule mlio wa mbele ni upungufu wa umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na diski ndogo isiyo na chaja yake huomba zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Matundu ya mbele hupokea umeme kwa nyaya nyembamba zinazopita ndani ya kasha, kwa hiyo unapungua njiani. Ya nyuma yamekaa kwenye ubao wenyewe, ndiyo maana kule inawaka.

Kutoonekana ni jambo lingine. Kila diski mwanzoni ina jedwali linaloonyesha sehemu zake zinaanzia na kuishia wapi. Jedwali la zamani, MBR, linahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, kwa biti 32 tu. Kwa sekta za baiti 512, hesabu inaishia kwenye terabaiti 2.2. Diski kubwa kuliko hapo kwa kawaida hutumia jedwali jipya, GPT, na Windows XP ya kawaida, iliyotoka 2001, hailisomi. Vista na zilizofuata zinalisoma. Siku utakapowasha tena, nenda Démarrer, kisha Exécuter, andika diskmgmt.msc. Ukiona diski mpya kwenye orodha ya chini na herufi GPT kwenye mstari wake, ndilo hilo. Tazama tu, kisha funga. Ikikuuliza kama ifanye "formater", yaani kuifuta na kuipanga upya, kataa.

Utamkuta fundi wa kukuambia aigeuze diski iwe MBR ili XP iione. Mimi nakataa: yote yaliyomo yatafutika, na karibu nusu ya nafasi uliyolipia itapotea.

Fanya kinyume: diski ya zamani ndiyo iende kwenye laptopu. Toa umeme, fungua kasha, itoe. Kama waya wake wa data ni mpana na bapa, hiyo ni IDE. Kama ni mwembamba, ni SATA. Nunua adapta ya USB ya aina hiyo, yenye chaja yake ya ukutani, kwa sababu diski ya mezani inahitaji volti 12 ambazo USB haitoi. Ichomeke kwenye laptopu, na diski mpya upande wa pili. Picha nyingi zitakuwa ndani ya Documents and Settings. Laptopu ikisema huna ruhusa, bonyeza Continuer. Chagua Copier (nakili), kamwe usichague Couper (hamisha), maana umeme ukikatika katikati ya kazi unataka asili ibaki mahali pake. Nenda folda moja moja, ukianza na zile ambazo wenyewe wamefariki au wamehama. Folda ikikwama, iruke, utairudia mwisho.

Picha zikishatoka, mwombe fundi anakili diski nzima ya XP juu ya nyingine ya aina ileile, ili skana yako iendelee na kazi.

Kwa kazi ya kila siku, tafuta diski ya nje ya terabaiti 1 au hata gigabaiti 500. Binti aipange kwenye laptopu kwa jedwali la MBR na NTFS, ambao ni mpangilio wa kuhifadhi mafaili. Nasisitiza NTFS: nyingi hutoka dukani zikiwa na exFAT, ambayo XP haiisomi mpaka iongezewe sasisho la 2009. FAT32 inasomeka, lakini haipokei faili la gigabaiti 4, na video ya harusi moja inapita hapo. Hiyo ndogo ndiyo itabeba picha kutoka XP hadi laptopu, kisha laptopu iziweke kwenye ile kubwa. Kila inapofika kwenye laptopu, ichunguzwe virusi kwanza, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014.

Laptopu isipoiona kabisa diski ya zamani, au mkwaruzo ukizidi, ichomoe mara moja na utuandikie kabla ya kujaribu tena.