Re: Mashine ya kujumlisha ya zamani, nabonyeza namba jumla haibadiliki

Habari mkuu. Umesema mashine ina mkono pembeni, ukibonyeza kitufe kinabaki chini na jumla haisogei, unahofia imekufa. Haijafa hiyo, vuta mkono kwanza. Kwenye zile za Burroughs (mashine alizobuni Mmarekani William Burroughs) kubonyeza ni kupanga namba tu, kinachojumlisha na kuchapa kwenye karatasi ni mkono, sio kama Comptometer, mashine nyingine ya kujumlisha ya Dorr Felt wa Chicago (hataza ya 1887) ambayo ukibonyeza tu jumla inapanda hapohapo na karatasi haina.

Ila usivute kwa fujo!! Burroughs alishakuwa karani wa benki, na mashine zake za mwanzo zilimsumbua sana maana kila mtu alivuta kivyake, mmoja haraka mwingine polepole, majibu yakatoka tofauti, ndo akaweka silinda yenye mafuta ya kutuliza mwendo wa mkono, mimi naona hapo ndo alipowini. Kwa hiyo anza kucheki hiyo silinda, mkono ukiwa mwepesi na unarudi kwa kishindo ujue mafuta yameisha. Ukikwama katikati usilazimishe, mara nyingi ni grisi ya zamani imeganda, mimi huwa napitisha brashi laini na mafuta ya taa kidogo, naacha usiku mzima ndo najaribu tena.