Mimi au yeye? Angalia kwanza siri iko kwa nani

Mkuu, umeuliza hadithi yako ya ndugu wawili wanaogombea kiwanja cha marehemu baba yao uiandike kwa "mimi" au "yeye". Mi naandika simulizi za kupost kwa vipande na kila nikianza mpya nakutana na hili swali, huwa naangalia kwanza kuna siri gani humo ndani na nani hatakiwi kuijua mapema.

Kwako siri ni kwamba mdogo mtu ndo kaficha hati ya kiwanja. Sasa ukimpa yeye asimulie kwa "mimi" msomaji anakaa kichwani mwake muda wote, utamfichaje jambo ambalo jamaa analiwaza usiku kucha? Akija kugundua ataona umemchezea. Mpe kaka mtu hiyo "mimi", hajui kitu, msomaji naye hajui, wanahangaika wote kutafuta hati. Au kama unataka presha, mpe mdogo mtu lakini aseme ukurasa wa kwanza kabisa kwamba anayo, watu wasome wakisubiri atabambwa lini.

Halafu kuna hili la Kiswahili chetu ambalo washauri wengi hawaligusi. Wanaume wawili wanazozana, unaandika: "Akamwambia amesikia anataka kuuza." Nani anataka kuuza? Itabidi urudie majina kila mstari mpaka kero. Weka "mimi": "Akaniambia amesikia nataka kuuza." Imeisha. Hadithi yako imejaa magomvi ya watu wawili wawili kwa hiyo hili litakusaidia sana.

Shida ya "mimi" ni kikao cha ukoo ambacho kaka hakuwepo, hapo lazima shangazi aje amhadithie, na mi naona ni vizuri zaidi maana shangazi ataongeza chumvi na kuficha ya kwake. Ukiona hutaki hivyo tumia "yeye" ila mfuate kaka peke yake, usiingie moyoni mwa kaka sentensi hii na moyoni mwa shangazi sentensi inayofuata, hapo ndo simulizi nyingi zinapoharibika.

Kama unaweza kuzipata soma riwaya mbili, Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), zote za mwandishi Euphrase Kezilahabi, ya kwanza iko nafsi ya tatu, yaani "yeye", na ya pili mhusika mkuu Kazimoto anajisimulia mwenyewe kwa "mimi", utaona mwandishi yule yule anavyobadilika.

Chukua hicho kikao ukiandike kwa njia zote mbili, aya moja moja tu, uziweke hapa tuzisome.